Uliza Fundi: Mwalimu mstaafu anataka gari la wazi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga, Raskazone. Watoto wanne nimewasomesha, wa mwisho kaolewa mwaka jana. Tangu usichana wangu natamani gari dogo la viti viwili linalofunguka paa, na kwenye kiinua mgongo nimetenga shilingi milioni 18. Dar es Salaam nimeonyeshwa matatu. Kuna Mazda Roadster ya 1999, gia za mkono, paa la turubai, milioni 14. Kuna Toyota MR-S ya 2002, yenye gia zile zisizo na pedali ya klachi, milioni 16 na nusu. Na kuna Mercedes SLK ya 2001, paa lake la bati linajikunja lenyewe, milioni 13, tena ndiyo inayong'aa kuliko zote. Mwanangu wa kwanza anasema niagize Japani moja kwa moja. Wa pili anasema nimechanganyikiwa, ninunue IST. Nisaidie.

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Hujachanganyikiwa hata kidogo. IST ni gari zuri, lakini hukuniuliza habari za IST. Umefundisha watoto wa watu, umesomesha wako, sasa unataka kushika usukani alfajiri ukiwa umefungua paa na upepo wa bahari unakupiga usoni. Nimekaa gereji miaka 26 na ninalijua jambo hilo lilivyo tamu. Nitakujibu kama ningemjibu mama yangu.

Kuagiza kwanza. Gari lililozidi miaka minane, TRA inalitoza ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine wote na VAT. Haya matatu yote yamepita miaka 20. Roadster mpya za kukwepa ushuru huo, yaani zisizozidi miaka minane, zinauzwa ghali huko huko Japani. Mwambie mwanao aingize gari analolitaka kwenye mfumo wa TRA wa mtandaoni unaokadiria kodi za magari yaliyotumika, ataona mwenyewe. Kwa milioni 18, chukua gari ambalo tayari lina namba za hapa.

Mercedes iache. Najua inang'aa. Paa lile linaendeshwa na pampu, mipira ya mafuta na silinda zake, na mpira ukishafika miaka 20 unavuja. Siku litakapogoma katikati, nusu wazi nusu limefungwa, na masika yameanza, utamtafuta fundi wa paa hilo Tanga nzima usimpate. Bei yake ni ya chini kwa sababu mwenye nalo anajua kinachokuja.

MR-S inaniuma kidogo kuikataa. Injini yake ya 1ZZ ndiyo ile ile ya Premio, Allion na Wish za 1.8, kwa hiyo spea zipo na hakuna fundi asiyeijua. Tatizo ni zile gia zisizo na pedali. Klachi inabonyezwa na pampu na vali za umeme, na zikichoka gari linakataa kuingia gia hata moja. Halafu za miaka ya mwanzo zina vichujio vidogo kwenye mabomba ya moshi karibu kabisa na injini. Vikimeng'enyuka, unga wake unavutwa ndani ya silinda na injini inaanza kula oili. Na mizigo utaweka wapi? Buti hakuna, ni kijisanduku nyuma ya viti tu. Ingekuwa na gia za mkono, ningefikiri mara mbili.

Imebaki Roadster, na ndiyo ninayokuchagulia. Gari hili lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, Wajapani wakaliuza kwao kwa jina la Eunos Roadster, na kufikia 2016 Mazda ilikuwa imetengeneza la milioni moja. Magari mengi namna hiyo maana yake spea nyingi. Lako ni la toleo la pili, lenye kioo halisi nyuma badala ya ile plastiki inayofifia kwa jua. Paa unafungua lachi mbili juu ya kioo cha mbele, unalisukuma nyuma kwa mkono mmoja, basi. Hakuna pampu, hakuna mota.

Ila sikiliza, injini ndiyo kitu cha mwisho kukitazama. Mwaka 2014 mteja wangu aliniomba nimkagulie Roadster nyekundu. Nilitumia saa mbili kwenye injini, ikawa inaimba, nikamwambia nunua. Baada ya miezi mitatu alikuja kubadilisha tairi, nikaweka jeki chini ya mlango, karibu na gurudumu la nyuma, na jeki ikazama ndani ya bodi kama kwenye embe bivu. Chini ya rangi kulikuwa na pati, ile dawa ya kuzibia matundu ya bodi, nene kama kidole, na ndani ya pati gazeti lililokunjwa. Bati lilishakwisha. Nilimrudishia hela ya ukaguzi wangu, lakini ya gari hakuna wa kumrudishia. Siku ile bado inanikera.

Sababu yake ni hii. Maji ya mvua yanateremka kwenye turubai, yanaingia kwenye mfereji ulio nyuma ya viti, kisha yanatokea kwenye tundu mbili, moja kila upande, hadi chini ya gari. Tundu zile zikizibwa na majani na mchanga, maji yanafurika ndani ya ule ubavu wa chini ya mlango na kukaa humo. Kutu inaanzia ndani, nje huoni kitu. Hapo bado hujaongeza chumvi ya hewa ya Tanga.

Kwa hiyo nenda na sumaku ndogo uliyoizungushia kitambaa. Ipitishe taratibu ubavuni, chini ya mlango, hadi mbele ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili. Mahali isiposhika pana pati. Kisha fungua paa, mimina nusu lita ya maji taratibu kwenye mfereji upande mmoja, uchutame uangalie chini. Maji yadondoke mbele kidogo ya gurudumu la nyuma, mara moja. Yasipotoka, ingiza mkono chini ya zulia nyuma ya viti uone kama pana unyevu. Rudia upande wa pili.

Mengine ni mafupi. Uliza mkanda wa taimingi, ule unaozungusha vali za injini, ulibadilishwa lini. Kikomo chake ni kilomita 100,000, na kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Pedali ya klachi ikizama na kurudi kivivu, ni silinda ndogo iliyo kwenye giabox inavuja, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Gia ya pili ikisita gari likiwa baridi, usiogope, lakini ikikwaruza, shuka. Betri yake inakaa kwenye buti na ina mrija wa kutolea mvuke. Wengi wanapachika betri ya kawaida, mvuke wa asidi unakula sakafu, kwa hiyo inua zulia la buti. Na tazama kadi ya gari: namba ya chesisi ikianza na NB8C ni injini ya 1.8, ikianza na NB6C ni 1.6. Zote nzuri, lakini usilipie 1.8 ukapewa 1.6.

Kisha kaa ndani, na viatu unavyoendeshea kila siku. Usukani wake haupandi wala haushuki, kwa hiyo magoti yako ndiyo yatakayoamua. Toka, ingia tena, mara tatu. Gari liko chini sana, sentimita zisizofika 15 kutoka ardhini. Matuta ya njia ya Chalinze hadi Segera utayapanda kimshazari, polepole, gurudumu moja moja. Mkoba usiuache ndani hata dakika tano, maana turubai linachanwa kwa wembe.

Bei, anza na milioni 12, na usipite 13 na nusu. Milioni tatu ziweke kando tangu leo kwa mkanda, tairi na oili zote, na ukiona turubai limechanika, hilo nalo lipunguzwe kwenye bei. Kabla hujalipa ulizia bima kubwa, kwa sababu kwa gari la umri huo kampuni nyingine zitakupa bima ndogo tu.

Nenda asubuhi, gari likiwa halijawashwa. Weka kiganja juu ya boneti kwanza. Likiwa la moto, wamelipasha ili usisikie linavyowaka likiwa baridi, waambie utarudi kesho. Na chupa za maji beba mbili, moja kwa kila upande.