Jini wako yuko jaani

Kijana mmoja wa Wete, Pemba, kaniandikia juzi: "Kaka, nataka kutengeneza filamu ya kutisha kuhusu mazingira, lakini sitaki ifanane na somo la skuli. Nianzie wapi?" Nilimjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa na bado maneno yakabaki. Ndiyo haya.

Kwanza, mdogo wangu, muache jini. Mimi nilimtumia. Filamu yangu ya mwanzo ilikuwa na jini wa mikoko anayewalipiza kisasi wakata kuni. Tulimvisha baibui na mabawa ya mifuko ya saruji. Usiku wa kuionesha, kwenye shuka jeupe mtaani kwetu Ng'ambo, hapa mjini Unguja, watoto walicheka mpaka wakagaragara. Mtu mzima mmoja, anayejiita mjuzi wa sinema, akasema mbele ya mama yangu: "Hii si ya kutisha, hii ya harusini." Miaka minne sasa. Filamu yangu ya pili inaombwa mpaka na watu wa bara, na yeye hajatoa hata ya simu. Haya, tuendelee.

Kilichonizindua ni The Birds, yaani Ndege, filamu ya Alfred Hitchcock ya 1963, ambamo ndege wanawageukia watu na kuwashambulia. Hadithi yenyewe, ya Daphne du Maurier ya 1952, ni ya kibarua wa shamba na familia yake huko Cornwall, Uingereza. Hitchcock akaihamishia California. Niliitazama mara tatu ndipo nikaliona hili: mkahawani, bibi mmoja mjuzi wa ndege anaeleza kuwa ndege hawana shari, ni binadamu ndiye anayeifanya dunia isikalike. Papo hapo mhudumu anapaza sauti kuagiza kuku wa kukaanga, sahani tatu. Hakuna anayeshtuka. Mimi nilishtuka. Halafu sikiliza: hakuna muziki wa kukutia hofu, ni mabawa na kelele za ndege tu.

Basi kunguru si tunao? Na hawa weusi wa shingo ya kijivu hawakuja wenyewe. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Wakala taka, kisha wakageukia mayai na makinda ya ndege wetu. Tuliwaita sisi, na tunawalisha sisi, kila tunapomwaga mabaki pembeni ya jaa kwa uvivu wa hatua tatu. Muoneshe mtazamaji mkono wake mwenyewe ukimwaga. Usimtafutie mbaya wa mbali, atalala usingizi mnono.

Sasa siri yangu. Filamu yangu ya pili ni ya kunguru hao, na ili waje mbele ya kamera, siku sita nilimwaga matumbo ya samaki ya soko la Malindi, hapa hapa mjini, juu ya bati la jirani. Walikuja, wallahi, kupita nilivyotaka. Kazi ikaisha, wao wakabaki. Wanasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Hawa unawatupia kiatu, wanakitazama. Vifaranga saba wa jirani walichukuliwa ndani ya wiki. Nilimlipa, sababu sikumwambia.

Usifanye hivyo. Nenda jaani alfajiri, kaa, ngoja. Karamu iko tayari.

Usiku wa filamu ya pili hakucheka mtu. Jirani alikaa mkekani mbele kabisa. Lilipotokea bati lake, akanigeukia taratibu: "Mwanangu, haya matumbo kayaweka nani?"