Picha ya damu ikirudi kawaida, usimwachishe vidonge

Hapana dada, msimwachishe. Salamu tutapeana baadaye.

Umeuliza leukemia, yaani saratani ya damu, ina aina ngapi, inatokana na nini, inatibiwaje, kupandikizwa uboho kukoje, na mgonjwa ale nini. Halafu mwisho kabisa ukadokeza kwamba kaka yako ana CML, aina mojawapo ya leukemia, anameza vidonge vya imatinibu mwaka sasa, picha ya damu imetoka safi, vidonge vinamvimbisha macho, na familia imekubaliana "avipumzishe" atumie dawa ya kusafisha damu aliyoletewa na rafiki. Hilo la mwisho ndilo swali lako. Hayo mengine ni ya darasani.

Mimi nina CML kama kaka yako, na nilifanya hicho hicho mnachokipanga, kwa sababu hizo hizo, mpaka macho. Kila asubuhi nilikuwa naamka na uso wa bondia aliyepigwa raundi zote kumi na mbili. Watu wa nyumbani walinizoea, mimi sikujizoea. Kwa hiyo mtu aliponiambia nimeshapona na naweza kupunguza hizo kemikali, sikuhitaji kubembelezwa.

Aina, nakupa haraka haraka. Kuna leukemia kali na leukemia sugu. Kali inakimbia, mtu anazidiwa ndani ya wiki chache. Sugu inatambaa kwa miaka. Kisha inategemea imeanzia kwenye ukoo upi wa chembe za damu, limfoidi au mayeloidi. Ukichanganya hayo unapata nne kubwa: ALL (kali ya limfoidi), ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa watoto, AML (kali ya mayeloidi), inayowapata zaidi watu wazima, CLL (sugu ya limfoidi) ya wazee, ambayo wengine hawaanzishiwi dawa yoyote, wanafuatiliwa tu, na CML (sugu ya mayeloidi), yetu sisi. Tiba zake hazifanani hata kidogo. Mtoto wa ALL anapitia kemotherapia kwa miaka miwili hadi mitatu. Kuna tawi moja la AML, linaitwa APL, linatibiwa kwa dawa ya jamii ya vitamini A pamoja na aseniki. Ndiyo, aseniki ile ile ya sumu, na inafanya kazi vizuri mno.

Nimezitaja kwa sababu aliyenipotosha alinishika hapo hapo. Alikuwa na mpwa wake aliyeugua "leukemia", akamaliza dawa, akaacha, leo anacheza mpira. Akaniuliza, wewe mtu mzima unamezaje vidonge maisha yako yote na mtoto ameshaacha? Nilikosa jibu. Jibu lilikuwa kwamba yule mtoto alikuwa na ALL. Mwenye ALL ana mpango wenye mwanzo na mwisho; akimaliza dozi zake anaacha kwa sababu ndivyo ilivyopangwa. Kwetu imatinibu haina dozi ya kumaliza. Kwa hiyo mtu yeyote akikuambia amemwona mwenye leukemia aliyeacha dawa akapona, muulize kwanza leukemia ipi. Ukiona anatafuta maneno, funga mazungumzo.

Sasa nisikilize vizuri.

Nilipopimwa mara ya kwanza nilikuwa na chembe nyeupe zaidi ya 150,000 kwa maikrolita moja ya damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 4,000 na 11,000. Wengu ulikuwa umevimba mpaka nikila vijiko vichache nashiba. Wakanipa hidroksiyurea kushusha ule wingi, na majibu ya BCR-ABL, jeni ya ugonjwa huu, yalipotoka nikaanzishiwa imatinibu, miligramu 400 kila siku. Wiki chache tu, chembe zikashuka hadi ndani ya mipaka. Wengu ukarudi kujificha chini ya mbavu. Hamu ya kula ikarudi, jasho la usiku likakoma. Kijana aliyenikabidhi karatasi ya majibu dirishani akaniambia kwa furaha, "Mzee, umepona hivyo." Sina ugomvi naye sana, alikuwa ananifurahia. Ila laiti angenyamaza.

Picha ya damu inahesabu chembe. Haiulizi chembe hizo zimetoka wapi. Mgonjwa wa CML anapogundulika hukadiriwa kuwa na chembe za ugonjwa zinazofika trilioni moja mwilini. Hesabu ya damu ikirudi kawaida bado anaweza kuwa amebaki nazo mabilioni kadhaa, zimetulia, zinasubiri. Ile karatasi inayowafurahisha nyumbani kwenu inasema tu kwamba dawa imeanza kufanya kazi.

Tena ujue inafanya kazi gani. Kwa wenye CML, kromosomu namba 9 na namba 22 ndani ya chembe moja ya uboho hubadilishana vipande. Kromosomu fupi inayobaki iligunduliwa mwaka 1960 na Peter Nowell na David Hungerford, ikapewa jina la mji wao, Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba ule ufupi unatokana na kubadilishana vipande. Pale vinapoungana inazaliwa jeni mpya, BCR-ABL, inayotengeneza kimeng'enya kisichozimika. Kinaiamuru chembe ijigawe, ijigawe, ijigawe. Imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, inaingia kwenye nafasi ambayo kimeng'enya hicho hupokelea nishati na kukaa hapo, basi amri inakatika. Lakini nusu ya dawa hutoka kwenye damu kwa takriban saa 18, ndiyo maana inamezwa kila siku. Halafu kuna chembe mama za ugonjwa zilizolala ndani kabisa ya uboho ambazo imatinibu haizimalizi. Ukiondoa kidonge, amri inarudi.

Haya yote sikuyajua? Nusu yake nilishaelezwa na daktari. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa, nikaenda kumsikiliza muuza chupa za kusafisha damu.

Huyo bwana simtaji jina, si kwa huruma, ila nisije nikampa wateja. Alikuwa na koti jeupe, picha za wagonjwa "waliopona", na sauti ya upole ambayo madaktari wenye foleni ndefu hawana muda nayo. Hakuniambia niache dawa, alikuwa mjanja kuliko hapo. Aliniambia nisiache ghafla, nipunguze kwanza, "mwili uzoee". Nikawa nameza siku moja naruka siku moja, nikijazia na chupa zake. Niliona nina busara kweli, nimepata njia ya katikati. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Chembe za saratani zikawa zinaonjeshwa dawa kidogo kidogo, isiyotosha kuzikandamiza, na zile zenye badiliko la kuikwepa zikapata nafasi ya kuzaana bila kushindana na wenzao.

Na unajua kinachouma? Muda wote huo picha ya damu iliendelea kutoka nzuri. Nilikuwa naipiga picha namtumia yule bwana, anaipeleka kwenye kundi lake la simu, watu wanashangilia. Mimi ndiye nilikuwa tangazo lake! Mgonjwa anayelipa ili awe tangazo. Kipimo ambacho kingeniumbua mapema, PCR ya BCR-ABL, kinachopima jeni ya ugonjwa imebaki kiasi gani kwenye damu, nilikiruka, kwa kuwa nilishauriwa kwamba kutolewa damu kila mara kunanipunguzia nguvu. Baada ya miezi kadhaa nikaacha imatinibu moja kwa moja.

Jasho la usiku lilirudi kwanza, kisha ule uzito upande wa kushoto chini ya mbavu. Nilipokwenda kupima, PCR ilikuwa imekaribia pale nilipoanzia. Nikasema si neno, nitarudia vidonge vyangu. Nikarudia, kila siku, bila kuruka, kwa adabu zote. Haikushuka. Wakapima mabadiliko ya jeni, likapatikana badiliko ambalo imatinibu hailiwezi. Bahati yangu halikuwa lile la T315I, linaloshinda hata dawa za kizazi cha pili, zilizokuja baada ya imatinibu. Nikahamishiwa dasatinibu, mojawapo ya hizo. Imefanya kazi, nashukuru, niko hapa nakufokea. Ila ilinijazia maji kwenye utando wa mapafu, jambo linalojulikana kwa dawa hiyo, mpaka yakanyonywa kwa sindano mgongoni. Nilikimbia macho kuvimba nikapata maji kifuani. Biashara nzuri kabisa.

Yule bwana nilipompigia aliniambia nilikunywa chupa zake bila imani. Nilitaka kumwambia kwamba chembe zangu hazikuuliza habari za imani, lakini alishakata simu. Namba yake haikupatikana tena. Ajabu, alikuwa anapokea usiku wa manane nilipokuwa bado nanunua.

Na mimi nimepata nafuu ya bahati. CML ikiachwa ikasonga mbele inaweza kufika hatua ya blasti, ambapo chembe changa zinajaa kwenye damu na uboho na ugonjwa unageuka kuwa kama leukemia kali. Kutoka hapo kurudi nyuma ni kazi ngumu kuliko chochote ambacho kaka yako amekipitia hadi sasa.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, na nitairudia hata mkinichoka: kidonge hakiachwi wala hakipunguzwi kwa karatasi ya picha ya damu. Anayeamua ni daktari wa damu akiwa ameshika majibu ya PCR. Majibu hayo huandikwa kwa asilimia kwenye skeli ya kimataifa, na hata asiye mtaalamu anaweza kuyafuatilia. Kwa ujumla, miezi 3 tangu kuanza dawa isizidi 10%, miezi 6 isizidi 1%, na kufikia mwaka iwe 0.1% au chini. Kipimo hurudiwa kila miezi 3 mwanzoni. Kaka yako ana mwaka sasa na hukutaja hata namba moja ya hizi, umetaja chembe nyeupe tu. Hapo ndipo niliposhtuka.

Kama unadhani kuruka ruka si kitu: mwaka 2010 walichapisha utafiti London wa wagonjwa wa CML waliokuwa kwenye imatinibu kwa miaka, chupa zao zikiwa na vifuniko vinavyorekodi kila zinapofunguliwa. Miongoni mwa waliomeza 80% ya dozi au pungufu, hakuna hata mmoja aliyefikia kiwango kizuri cha PCR. Asilimia 80 ni kuruka siku sita tu kwa mwezi. Mimi nilikuwa naruka kumi na tano nikijiita mwenye busara.

Najua kuna mtu atakuja hapa chini aseme "mbona wapo wanaoacha na wako salama". Wapo, ni kweli. Wafaransa walijaribu kwa wagonjwa 100 ambao PCR ilikuwa haioni ugonjwa kwa angalau miaka miwili mfululizo, wakachapisha matokeo 2010. Zaidi ya nusu ugonjwa ulirudi, wengi wao ndani ya miezi sita ya kwanza. Waliokolewa kwa sababu walikuwa wanapimwa PCR mara kwa mara, ikipanda tu wanarudishiwa dawa. Leo anayefikiriwa kuachishwa kwa kawaida awe ametumia dawa angalau miaka mitatu, PCR imekaa 0.01% au chini kwa miaka miwili, na awe tayari kupimwa kila mwezi miezi ya mwanzo. Kaka yako ana mwaka mmoja na chupa ya rafiki.

Chanzo umeuliza, nisikuache hivi hivi. Mionzi mikali inajulikana. Manusura wa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki waliugua leukemia kuliko watu wengine, CML ikiwemo. Benzini, sigara, na baadhi ya dawa za kemotherapia za zamani huhusishwa zaidi na AML. Watoto wenye ugonjwa wa Down wako kwenye hatari kubwa zaidi. Wengi wetu hatuna sababu yoyote ya kuonyesha. Haiambukizi, na CML hairithiwi, kosa linatokea kwenye uboho wa mtu mwenyewe akiwa tayari yuko duniani. Hakuna uchafu kwenye damu yake wa kusafishwa, basi hiyo chupa inasafisha nini?

Tena chupa zenyewe si maji. Mimea mingine inagombana na imatinibu ini linapoichakata. Mmea wa St. John's wort hupunguza dawa kwenye damu; balungi linaweza kuipandisha. Chochote anachotumia kipelekwe mbele ya daktari, na chupa yenyewe, siyo maelezo ya rafiki.

Kuhusu macho, hilo ni la kweli na nisilidharau. Amweleze daktari waziwazi. Wapo wanaopewa dawa ya kupunguza maji mwilini, wapo wanaobadilishiwa kabisa dawa kama madhara yamezidi. Kuna dasatinibu, nilotinibu, bosutinibu na nyingine. Kidonge akimeze na chakula na glasi kubwa ya maji, kichefuchefu kitapungua. Misuli ikikaza usiku aseme pia, asijikaushe. Mimi nilijikausha kwa daktari nikaenda kulalamika kwa muuza chupa, naye akanisikiliza vizuri sana.

Sasa toka humu ukamuulize kama kidonge cha jana alikimeza. Kisha andika hapa asilimia ya PCR yake ya mwisho na tarehe ya kipimo. Kama tangu aanze dawa hakuna karatasi yoyote yenye neno BCR-ABL, andika hivyo hivyo.