Mbio za siku nyingi: ni mazoezi au ni kujichosha?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwendesha baiskeli wa Arusha. Nikiwa peke yangu naweza kukaa barabarani saa nne au tano bila taabu, lakini nashindwa kujisukuma kwa kasi ya mashindano. Kocha ananishauri nishiriki mbio za siku nne kabla ya shindano langu kuu la mwaka. Je, hayo ni mazoezi ya kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, kocha wako ana hoja nzito. Anayejifua peke yake hujiamulia pa kuongeza kasi na pa kupumua, ilhali kwenye mbio mwenzako akichomoka mlimani huna budi kumfuata au kuachwa, na hali hiyo hujirudia siku baada ya siku, miguu ikiwa tayari imechoka. Hata mabingwa hutumia njia hii. Mwaka 2025 Tadej Pogačar, mwendesha baiskeli wa Slovenia, alishinda Critérium du Dauphiné, mbio za siku nane za Ufaransa zilizomalizika Juni 15, kisha akaanza Tour de France Julai 5 na kuitwaa.

Nakusihi uzitazame hizo siku 19 za katikati, kwa maana mwili hauongezi nguvu ukiwa mbioni, bali unapojijenga upya baadaye. Acha wiki mbili hadi tatu kabla ya shindano lako kuu, na siku za mwanzo uendeshe taratibu kabisa.

Wala usishindane siku zote nne kwa nguvu ileile. Chagua mbili zenye milima. Zilizobaki jifiche ndani ya kundi, wengine wakukatie upepo, jambo ambalo kwa aliyezoea upweke ni somo tosha. Kula gramu 60 hivi za wanga kila saa, yaani zaidi kidogo ya ndizi mbili za wastani, na ukimaliza upate wali au ugali kabla hata ya kuoga.

Kuanzia siku ya tatu huenda ukajikamua mlimani na mapigo ya moyo yasipande yalikofika siku ya kwanza. Huo ni uchovu wa kawaida wa mbio hizi, usiyalazimishe. Lakini ukiamka na mapigo yaliyo juu kuliko kawaida yako, pamoja na homa au maumivu ya kifua, usipande baiskeli siku hiyo. Nenda kwa daktari.