Maswali na majibu: Msimu wa upinde umepooza, kulungu wamekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Columbus, Ohio, na huu ni msimu wangu wa pili wa kuwinda kulungu kwa upinde wa kapi, ule wenye magurudumu madogo ya kurahisisha kuvuta. Ulingo wangu uko msitu wa Zaleski, kaunti ya Vinton, pembeni mwa uwanda wa nyasi. Mwezi wa Agosti kamera niliyoifunga pale ilijaa picha za madume, tena mchana kweupe. Tangu msimu ufunguliwe mwishoni mwa Septemba nakaa pale kila Jumamosi na Jumapili, alfajiri na jioni, na sasa Oktoba inakwisha bila kuona kitu. Kamera inanionyesha kulungu saa nane za usiku tu. Wenzangu wengine wanasema Oktoba kulungu hutulia hawatembei, wengine wanasema wamekufa kwa ugonjwa. Nimenunua dawa ya kuondoa harufu na chupa ya mkojo wa jike wa kuvutia madume, wapi! Je, nihame? Nisubiri Novemba? Na akitokea mmoja kwenye mita 40, niachie mshale? – Msomaji, Columbus

JIBU: Marahaba. Najua inavyochosha kuamka usiku, kuendesha gari hadi Vinton, kukaa kwenye baridi na kurudi mikono mitupu wiki baada ya wiki. Lakini usikate tamaa na Ohio. Miaka ya karibuni wawindaji wa jimbo hilo wamekuwa wakipata kulungu zaidi ya 200,000 kwa msimu, na milima ile ya kusini-mashariki ina msitu wa kutosha kuwaficha. Kwa maelezo yako, kulungu wapo. Unawasubiri mahali walipokuwa wakila wakati wa kiangazi, na kila wikendi unawafundisha kwamba mahali hapo pana mtu.

Picha za Agosti huwapoteza watu wengi. Miezi hiyo madume hutembea kwa makundi, pembe zao bado zimefunikwa ngozi laini, na hula majani mabichi kwenye maeneo ya wazi bila wasiwasi mwingi. Septemba ngozi ile hubanduka, homoni hupanda, na madume waliokuwa marafiki huachana. Wengine huhamia upande mwingine kabisa wa eneo lao. Wakati huohuo nyasi hukauka na chakula kingine huanza kuanguka msituni. Kwa hiyo dume uliyempiga picha mwezi wa Agosti anaweza kuwa bonde la pili au la tatu kutoka kwenye ulingo wako, mzima wa afya.

Chakula hicho ni mbegu za mwaloni, na hapa ndipo nataka utulie. Mwaloni mweupe, wenye majani ya ncha za mviringo, hudondosha mbegu mapema, kuanzia Septemba. Mbegu zake hazina uchungu mwingi, na kulungu huzipenda kuliko karibu chochote kingine msituni. Mwaloni mwekundu, wenye majani ya ncha kali, mbegu zake ni chungu zaidi, huanguka baadaye na hudumu chini hadi majira ya baridi. Kuna tofauti nyingine: mbegu ya mwaloni mweupe hukomaa katika msimu mmoja, ya mwaloni mwekundu huchukua miaka miwili. Ndiyo maana jalidi ya masika inayoua maua inaweza kuwaacha mialoni meupe bila mbegu mwaka huohuo, huku mialoni mekundu ya jirani ikizaa kama kawaida.

Mwaka ambao mialoni imezaa sana ndio mwaka mgumu kwa mwindaji aliyekaa pembeni mwa uwanda. Kulungu ana chakula mita chache kutoka anapolala. Kwa nini atoke? Anainuka, anakula, anacheua, analala tena, yote ndani ya kichaka. Wanaosema kulungu hawatembei Oktoba wanaona uwanda mtupu na kukata shauri. Tafiti za kulungu waliovishwa kola za GPS hazikuonyesha kusimama huko. Kwa jumla mwendo wa madume huongezeka kidogo kidogo kadiri Novemba inavyokaribia. Kilichobadilika ni mahali wanapotembea wakati wa mwanga.

Basi ndiyo, hama. Acha ulingo ule upumzike. Siku yenye manyunyu, majani yakiwa yamelowa na hayapigi kelele, tembea mchana polepole kwenye miinuko ukitazama chini. Mwaloni unaoutafuta utakuwa na maganda yaliyopasuliwa upya, kinyesi kibichi, na majani yaliyovurugwa kwa pua na kwato. Usidanganyike na mti uliojaa mbegu nzima zisizoguswa. Ukipata mti wenye dalili hizo karibu na malalo yao, yaani kichaka kizito, kilele chenye miiba au mahali palipokatwa magogo miaka michache iliyopita, panda siku hiyohiyo jioni ikiwa upepo unaruhusu. Siku ya kwanza mahali papya ina thamani kubwa kuliko siku zote zitakazofuata, kwa sababu hakuna kulungu aliyekwisha kukunusa pale. Baada ya hapo paache siku kadhaa kabla ya kurudi. Kukaa mti mmoja Jumamosi na Jumapili, asubuhi na jioni, ni kuwapigia kulungu kengele.

Upepo wa milimani nao una tabia yake. Utabiri wa hali ya hewa ukisema upepo wa magharibi, hiyo ni hewa ya juu. Chini, jua likishazama, hewa baridi huwa nzito na kuteremka bondeni ikibeba harufu yako. Jua likipanda asubuhi, hewa hupashwa moto na kupanda mteremko. Mwindaji aliyekaa nusu ya mlima jioni huku kulungu wakilisha chini yake amejitangaza, hata kama upepo wa utabiri ni mzuri. Beba kichupa cha unga mwepesi, upulize kidogo kila baada ya muda, uone unakokwenda. Na njia ya kufikia ulingo iwe sehemu ya mpango: ukikatiza malalo yao gizani, uwindaji umekwisha kabla hujapanda.

Kuhusu dawa ya harufu, oga, fua nguo, lakini usitarajie pua ya kulungu idanganywe na chupa. Mkojo wa jike mwezi wa Oktoba hausaidii sana. Na akikushauri mtu umwage mahindi chini ya mti, kumbuka kwamba kwenye ardhi ya umma Ohio hairuhusiwi.

Novemba, subiri kwa moyo mkunjufu. Wakati wa kupandana hupangwa na kupungua kwa urefu wa mchana, si na baridi wala mwezi mpevu, kwa hiyo kalenda yake haiyumbi sana mwaka hadi mwaka. Katika majimbo ya kaskazini kilele chake huangukia katikati ya Novemba. Jike mmoja huwa tayari kwa muda wa siku moja hivi, na asipopata mimba hurudi katika hali hiyo baada ya siku 28 hivi. Siku za kabla ya kilele, wiki ya kwanza ya Novemba, ndizo nzuri kwa upinde: madume wanatafuta, majike bado hawajakubali, na dume anaweza kupita saa tano asubuhi. Ukiwa na likizo, ichukue wakati huo na ukae mchana kutwa. Hapo kaa mahali majike wanapolala na kula, hasa kwenye ukanda mwembamba wa ardhi kati ya vichaka viwili, upande ambao dume angepita akinusa upepo unaotoka kwao. Sehemu alizoparua chini zinaonyesha kwamba yupo, lakini nyingi hutembelewa usiku. Nisingeweka ulingo kwa kutegemea hizo peke yake.

Sasa mita 40. Jibu langu ni hapana, na ninakuomba ulichukulie kwa uzito. Mshale wa upinde wa kapi unaoruka futi 280 kwa sekunde ni mita 85 hivi kwa sekunde. Sauti ya upote hukimbia mita 340. Kwenye mita 40 mshale unahitaji karibu nusu sekunde. Sauti inafika kwa sekunde 0.12. Kulungu anapewa zaidi ya theluthi ya sekunde kusikia na kuitikia, na anavyoitikia ni kuinama kwanza ili miguu ipate nguvu ya kuruka. Eneo la mapafu na moyo ni la shubiri moja hivi. Mshale uliolengwa vizuri kabisa unapita juu, au unampiga mgongoni. Kwenye mita 18 tofauti hiyo hushuka hadi sekunde 0.16, na mara nyingi mshale umekwisha kufika. Msimu uliopooza hushawishi mikono: mtu amekaa sana, ameona mmoja tu, anajiambia hii ndiyo nafasi yangu. Mnyama hawezi kulipa gharama ya subira yetu iliyokwisha. Ngoja awe karibu, amekupa ubavu au anatazama mbali nawe kidogo, kichwa kimeinama, hajashtuka. Ukimpiga mapafuni, subiri nusu saa kabla ya kufuata damu. Ukihisi umempiga tumboni, ondoka kimya na urudi baada ya muda wa saa nane au zaidi. Ukimsukuma mapema atakimbia mbali na utampoteza.

Ugonjwa wanaousema wenzako ni EHD, homa ya kuvuja damu inayoenezwa na usubi mwishoni mwa kiangazi hadi jalidi ya kwanza. Ulipiga majimbo mengi mwaka 2012, na mwaka 2025 uliua kulungu wengi kusini-mashariki mwa Ohio, hasa upande wa Athens na Meigs. Binadamu haambukizwi. Dalili yake ni mizoga karibu na maji. Kamera yako inapiga picha za kulungu hai kila usiku, kwa hiyo sioni kwamba ndicho kilichokukwamisha.

Mwisho, fahamu kwamba ruhusa ya Ohio ni dume mmoja tu mwenye pembe kwa mwaka, hivyo kama shida yako ni nyama, chukua jike akikupa nafasi. Funga mkanda wa usalama kuanzia mguu unapotoka ardhini hadi unaporudi. Wiki ya bunduki, baada ya sikukuu ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba, ni lazima uvae rangi ya chungwa hata ukiwa na upinde. Kulungu hawaioni kama tunavyoiona sisi. Msimu wa upinde unaendelea hadi mwanzoni mwa Februari. Ikifika Januari bila kitu, tafuta mialoni mekundu kwenye miteremko inayotazama kusini, ambako jua linafika, na uende jioni tu.