Suti ya mjomba, kamera na wasaili wawili

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Nimemaliza sekondari na nimeitwa kwenye usaili mara mbili. Wa kwanza ni wa video, Desemba, na wahadhiri wawili wa fizikia wa chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Wa pili ni wa ana kwa ana kwenye chuo cha udaktari, na barua inasema nitapita "vituo 8". Mjomba amenipa suti yake nyeusi na shati jeupe lenye mistari myembamba ya buluu. Suti inanipwaya mabegani. Je, niivae mara zote mbili? Na nijiandae vipi? Nimeshakariri majibu ya maswali zaidi ya 100 na hofu iko palepale. Halafu nikimaliza, ni adabu kuwaandikia kuwashukuru?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuitwa mara mbili. Nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakueleza tunachokiona tukiwa kule.

Kwenye usaili wa video usivae suti hiyo, wala shati hilo. Mjomba hajakosea kukutakia heshima. Tatizo ni kamera.

Kamera ya kompyuta au simu hupima mwanga wa picha nzima, kisha hujirekebisha yenyewe ili picha isiwe na mwanga mno wala giza mno. Ukivaa shati jeupe ukakaa mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi na kupunguza mwanga. Shati linatoka vizuri, uso unazama gizani, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi unazama zaidi. Koti jeusi likijaza nusu ya picha hufanya kinyume: kamera inaongeza mwanga, na paji la uso linaanza kung'aa kama limepakwa mafuta. Chagua rangi za katikati, kama buluu, kijani cha majani, kijivu au damu ya mzee. Iwe rangi moja isiyo na mapambo.

Mistari myembamba ina balaa lake. Ndani ya kamera kuna vidoa vidogo sana vinavyopokea mwanga, vimepangwa kwa safu. Mistari ya shati ikikaribiana kwa upana na safu hizo, kwenye kioo huzuka mawimbi ambayo hayapo kwenye nguo, na hucheza kila unapovuta pumzi. Isitoshe, programu za mikutano hubana picha ili ipite kwenye intaneti. Sehemu iliyotulia hugharimu data kidogo, inayochezacheza hugharimu nyingi. Mtandao ukiwa dhaifu, mistari ya shati lako inagombania nafasi na uso wako. Niliwahi kumsaili kijana mwenye akili ya kupigiwa mfano, na hadi leo ninachokikumbuka kwa haraka ni kifua chake kikimetameta. Naona aibu kukiri hivyo, lakini macho ya binadamu hufuata kinachotikisika.

Siku moja kabla, saa ileile ya usaili, jirekodi dakika mbili ukiwa umevaa nguo yenyewe. Usijitazame kama unapendeza. Tazama kama macho yako yanaonekana. Kama hayaonekani, geuka ukae ukielekea dirisha, au weka taa nyuma ya kompyuta. Dirisha lisiwe mgongoni. Inua kompyuta kwa vitabu mpaka kamera ilingane na macho yako, usije ukawaonyesha wahadhiri dari na matundu ya pua. Kisha sikiliza ile rekodi bila kuitazama: bangili zinazogonga meza na maikrofoni ya waya inayosugua kola husikika kuliko unavyodhani. Anayejifunga hijabu au kilemba aepuke mandhari bandia ya programu, maana huwa inakata kingo za kitambaa vipandevipande. Suruali vaa nzuri pia, kwani unaweza kulazimika kuinuka.

Jambo moja la saa. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti ya saa uliyoizoea kabla ya hapo si ile ya Desemba. Na sisi tunaosema Kiswahili tuna mtego wetu: barua ikiandika 9:00, wapo wanaosoma "saa tisa" wakajiandaa kwa alasiri, kumbe ni saa tatu asubuhi. Tena hiyo ni saa tatu ya kwao. Igeuze kwanza iwe saa ya unakoishi, halafu iandike kwa maneno, mchana au jioni, na mpe mtu mwingine aihakiki.

Sasa maandalizi. Majibu yako 100 yaweke kando. Sikukejeli, najua yamekutoa jasho. Ila wahadhiri wa fizikia wa Uingereza, hasa kwenye vyuo kama Oxford na Cambridge, hawakuiti ili kusikia risala. Usaili wao unafanana na kipindi kidogo cha darasa: wanakupa tatizo ambalo hujawahi kuliona, wanakutazama unavyohangaika nalo, wanakutupia dokezo, wanaona unalifanyia nini. Mara nyingi anayekusaili ndiye atakayekufundisha ukikubaliwa, na anajiuliza kama mtu huyu anafundishika. Chuo Kikuu cha Oxford huchapisha mifano ya maswali ya usaili kwenye tovuti yake, pamoja na maelezo ya wahadhiri kuhusu walichokuwa wanakitafuta. Isome, hata kama hukuomba huko.

Chukua swali kama hili: hewa iliyomo ndani ya chumba hiki ina uzito gani? Aliyekariri hunyamaza, kisha hukisia nusu kilo. Anayefikiri kwa sauti huanza na anachokijua. Chumba kina urefu wa mita 5, upana mita 4 na kimo mita 3, basi ni mita za ujazo 60, yaani lita 60,000. Msongamano wa hewa, yaani uzito wa kila mita ya ujazo, siukumbuki, lakini nakumbuka moli moja (kipimo cha wingi wa chembe) ya gesi kwenye joto la kawaida la chumbani huchukua takriban lita 24. Hiyo ni moli 2,500. Hewa kwa sehemu kubwa ni nitrojeni na oksijeni, kwa hiyo moli moja ni kama gramu 29. Zidisha: kilo 72 na ushei. Hapo msailiwa mzuri hustuka, kwa sababu huo ni uzito wa mtu mzima, na anarudi kukagua hesabu yake bila kuambiwa. Mimi hupenda mno sekunde zile. Kisha namwuliza: tukipasha chumba joto, uzito utabadilika? Akijibu upesi kwamba hapana, hewa ni ileile, namwelekeza kwa macho kwenye upenyo chini ya mlango. Kama chumba hakijazibwa, hewa ikitanuka nyingine itatoka nje, na kilichobaki ndani kitapungua. Aliyekosea akageuka mara tu alipouona upenyo, mara nyingi nimempa alama kuliko aliyepatia asiweze kueleza kwa nini.

Kwa hiyo zoezi lako la kila siku liwe hili: tafuta mtu asiyejua fizikia, mpe kiti, umtatulie tatizo moja huku unasema kila unachofikiri. Kusema "hapa nimekwama, ngoja nijaribu njia nyingine" kwa sauti, mbele ya mtu, hakuji kwenyewe. Kunahitaji mazoea. Ukihitaji kimya, omba: "Naomba nusu dakika nifikirie." Hakuna msaili atakayekunyima. Na usijisumbue kubadili lafudhi ya Kiingereza chako. Sema polepole, usimeze miisho ya maneno, imetosha.

Usomacho kwa bidii kuliko vyote kiwe maombi yako mwenyewe. Kila mstari ulioandika ni mlango, na msaili anaweza kuingilia popote. Ukiandika kwamba umesoma kitabu fulani, kisome tena wiki hii. Kuhusu "kwa nini somo hili", kumbuka mambo mawili matatu ya kweli, usikariri sentensi. Sentensi iliyokaririwa husikika: sauti haipandi wala haishuki, na macho yanapanda juu.

Usaili wa vituo ni mnyama mwingine. Chanzo chake ni Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, ambako watafiti walieleza utaratibu huo katika makala waliyoichapisha mwaka 2004, na sasa vyuo vingi vya udaktari duniani vinautumia. Waliona kwamba mazungumzo marefu na jopo moja hutegemea mno bahati, yaani umekutana na nani na umeulizwa nini. Wakayagawa. Mlangoni kuna karatasi yenye tukio fupi, unapewa kama dakika 2 za kuisoma, unaingia, unazungumza kama dakika 8, kengele inalia, unahamia mlango unaofuata kwa msaili mwingine. Muda hutofautiana chuo hadi chuo, lakini kwa mpango huo vituo 8 ni kama saa moja na dakika 20.

Lielewe hilo la kugawa, kwa sababu ndiyo nafuu yako. Msaili wa kituo cha 4 hajui ulivyoboronga kituo cha 3. Wengi huingia mlango mpya wakiwa bado wanajilaumu kwa mlango uliopita, na hivyo hupoteza viwili badala ya kimoja. Kengele ikilia, shika kitasa, vuta pumzi moja, soma karatasi mpya kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Karatasi inaweza kusema hivi: mwanafunzi mwenzako amekuomba umsainie mahudhurio kwa sababu anamuuguza mzazi. Ukikimbilia "ni kosa, namripoti" au "ni rafiki, namsaidia", dakika 7 zilizobaki utazijaza na nini? Anza na mambo usiyoyajua bado. Chuo kinajua hali yake? Amekosa mara ngapi? Kipindi chenyewe ni cha nini, maana daktari aliyekosa mafunzo ya kumhudumia mgonjwa atakuja kumgharimu mtu. Kisha sema utakachofanya: hutasaini, lakini utaongozana naye kwa mshauri wa wanafunzi kuomba ruhusa halali. Vituo vingine huwa na mwigizaji anayelia au anayefoka. Hapo hupimwi elimu ya tiba, ambayo hata hujaisoma. Msikilize kabla ya kumshauri.

Na mavazi ya siku hiyo? Utasimama, utaketi, utainuka mara nane, ndani ya vyumba vidogo. Suti ya mjomba ipeleke kwa fundi aguse mabega na mikono. Akikwambia mabega hayarekebishiki bila kuifumua, na mara nyingi ndivyo ilivyo, liache koti, vaa suruali ya kitambaa na shati la rangi moja lililopigwa pasi. Lile la mistari ana kwa ana halina kosa, kwa hiyo unaweza kumpa mjomba furaha yake kwa shati. Binti atapendeza vivyo hivyo kwa blauzi na suruali, au sketi ambayo akiketi hatahitaji kuivutavuta. Viatu vipya visianzie siku hiyo, vivae wiki nzima kabla. Manukato acha kabisa: msaili anapokea watu kutwa nzima kwenye chumba kimoja, na harufu kali hubaki baada yako. Jaribu nguo zote nyumbani: kaa, inama ufunge kamba, panda ngazi. Chochote kilichokulazimisha kukigusa zaidi ya mara moja, kibadilishe.

Kuhusu shukrani: kwa wahadhiri wa Uingereza, "asanteni kwa muda wenu" mwishoni mwa kikao inatosha, hakuna anayetarajia barua. Kwa usaili wa vituo ni vivyo hivyo, mshukuru kila mmoja unapotoka mlangoni. Barua pepe fupi ya shukrani ina nafasi pale unaposailiwa na mhitimu wa zamani aliyejitolea muda wake, kama ilivyo kwa vyuo vingi vya Marekani. Iwe ya sentensi tatu, umwandikie siku hiyohiyo au kesho yake, na umtajie kitu kimoja mlichozungumza.