Fielder inayokunywa oili: pima kabla ya kufungua injini

Ndugu, Toyota Fielder yenye injini ya 1NZ ikianza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu, haimaanishi injini imekufa. Kabla fundi hajashika spana, mwambie apime kompresheni (presha ya ndani) ya silinda zote nne, kisha arudie akiwa ametia oili kidogo kupitia tundu la plagi. Presha ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, shaka iende kwa valvu au gasketi ya hedi (sehemu ya juu ya injini). Na kama moshi unatoka asubuhi ukiwasha tu halafu unapotea, anza na sili za valvu. Fundi anayejua kazi hubadilisha hizo bila kushusha hedi.

Ikibidi kufungua, usikimbilie kununua pistoni. Peleka bloku kwa watu wa mashine Industrial Area, Nairobi, waipime. Silinda zikiwa hazina mikwaruzo wala hazijapanuka, kuzihoni (kuzisugua ndani kwa jiwe) na kutia ringi mpya kunatosha. Hapo ndipo pa kuokoa pesa. Kwenye beringi, gasketi ya hedi na kusawazisha hedi, usibane hata shilingi. Spea kachague mwenyewe Kirinyaga Road, na za zamani udai uzione (mafundi wengine, mmh!).

Injini ya mtumba kutoka Japani? Mimi ningeifikiria tu ikiwa bloku yenyewe imeharibika. Mara nyingi unalipa kabla ya kuisikia ikinguruma, na nambari ya injini ikibadilika una safari nyingine ya NTSA, wanaosajili magari, kurekebisha logbuku.