Auratus anayeua gapi: cha kufanya

Kaka, umeuliza ufanye nini na samaki wako auratus anayeua gapi, wale samaki wadogo wa mapambo. Auratus dume hakai na gapi kwenye tangi la lita 100, hata umshibishe vipi. Ni mbuna, yaani samaki wa miambani wa Ziwa Malawi. Akishashika pango moja, tangi lote ni shamba lake. Gapi waliobaki watoe leo.

Ukitaka kumbakisha yeye, tafuta tangi la lita 250 hivi, urefu sentimita 120, umwekee majike wanne au watano, na mbuna wengine wasiofanana naye rangi. Mawe yakalie sakafu ya tangi, ndipo umwage mchanga. Mbuna huchimba, na jiwe lililokaa juu ya mchanga huporomoka likapasua kioo. Ukiongeza samaki, panga mawe upya na uzime taa, ili mwenye eneo apoteze mipaka yake. Maji badilisha theluthi kila wiki. Ya mfereji yaondoe klorini kwanza.

Ukiona samaki amejibanza juu kwenye kona, mapezi yamechanika, mtenge hapo hapo, la sivyo hafiki Jumapili huyo.

Na wale fulu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wa Dunga kule Kisumu uliouliza? Tangi lao peke yao. Auratus atawatesa vile vile.